Hedifoni za Binti, Kaseti za Baba: Mzee Kanda Anajibu Barua Zenu

Barua za mwezi huu zimegongana kwenye jambo moja: mzazi na mtoto wanaishi chini ya paa moja lakini kila mmoja anasikia vyake. Nimechagua sita. Kwa wasomaji wapya, mimi nilikuwa fundi sauti wa studio ya redio tangu enzi za kanda za sumaku, nikahamia kwenye kompyuta pamoja na wenzangu waliokubali kuhama. Nimelaumiwa na wazee kwa kushabikia mashine mpya, na vijana wananiona kisanduku cha makumbusho. Twende.

Mzee Kanda, nina binti wa miaka 15. Akirudi shule, vitu masikioni. Akila, kimoja kipo sikioni. Sisi tulikaa nyumba nzima mbele ya redio moja, taarifa ya habari ikisomwa hakuna wa kukohoa. Leo redio ipo sebuleni inazungumza na viti. Nafikiria kuzichukua hizo hedifoni moja kwa moja. Unasemaje?
*Baba wa Binti Mmoja*

Usizichukue, Bwana. Ukizichukua utapata binti aliyenuna na redio bado itazungumza na viti.

Tuiweke sawa kumbukumbu kwanza. Nyumba nzima ilikaa mbele ya redio moja kwa sababu redio ilikuwa moja. Zile za valvu, yaani zenye taa za kioo ndani, zilikuwa nzito, zilihitaji kupata moto kabla hazijatoa sauti, na mwenye ruhusa ya kugusa kitufe alikuwa mtu mmoja tu. Waliobaki walisikiliza alichotaka yeye. Wewe unakumbuka umoja. Muulize dada yako, pengine yeye anakumbuka mchezo wa redio alioukosa kila wiki kwa kuwa saa hiyo mpira ulikuwa unatangazwa.

Aliyeanza kulivunja baraza hilo si binti yako. Mwaka 1954 ilianza kuuzwa Marekani redio ya kwanza ya transista, kipande kidogo kilichochukua nafasi ya valvu, nayo ni Regency TR-1, ya kutia mfukoni, yenye tundu la kuchomeka kisikilizio cha sikio moja. Baada ya hapo kijana aliweza kuingia na redio chumbani na kufunga mlango. Halafu tarehe 1 Julai 1979 kampuni ya Sony ikatoa Walkman, mashine ya kaseti ya kubeba mkononi, nchini Japani, na hapa nakuomba usome polepole, maana ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Walkman ile ya kwanza ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni. Mawili! Tena ilikuwa na kitufe cha rangi ya chungwa ambacho ukikibonyeza muziki unashuka na kimaikrofoni kidogo kinapeleka sauti zenu masikioni, ili wawili wanaosikiliza waweze kusemezana bila kuvua chochote. Mkuu wa Sony, Akio Morita, aliona ni utovu wa adabu mtu kujifungia na muziki peke yake mbele za watu, ndiyo maana alitaka kifaa cha wawili. Wanunuzi wakaamua vingine. Kila mtu alitaka chake, na baada ya muda mfupi matoleo mapya yakaondoa kitufe, kisha tundu la pili.

Kwa hiyo kizazi chetu ndicho kilichopewa matundu mawili kikatumia moja. Binti yako amezaliwa amekuta mambo yamekwisha.

Kuna tofauti moja ya kweli kati yake na sisi, nayo nadhani ndiyo inayokukosesha usingizi. Kaseti ilionekana. Mzazi aliweza kuokota kasha lake, akasoma maandishi ya kalamu yaliyoandikwa ubavuni, akajua mtoto anasikiliza nini hata kama hakuwahi kuusikia wimbo wenyewe. Ilikuwa hivyo hata kwa zile zilizoandikwa "HISABATI" kwa herufi kubwa, ambazo kila mzazi alijua hazina hisabati. Simu haina ubavu wa kusomwa. Binti amekaa mita moja kutoka ulipo na hujui kama kichwani mwake kuna kwaya, vichekesho, au mtu anayempotosha. Hofu hiyo ni halali. Ila haiondoki kwa kumnyang'anya, inaondoka kwa kusikia.

Basi msikie pamoja, lakini si kwa kumkalisha kitini kama shahidi. Sauti ina faida ambayo picha haina: haidai macho wala mikono. Subirini kazi ya mikono, kuosha vyombo, kukunja nguo, safari ndefu, kisha mwombe aweke chake kwenye spika. Kimoja chake, kimoja chako. Sharti ni moja na linakuhusu wewe zaidi: hakuna kutoa hukumu kabla kilichowekwa hakijaisha. Wazazi wengi hushindwa hapo, ndani ya dakika ya kwanza.

Kuhusu kula, hapo nipo upande wako. Wekeni amri kwamba mezani masikio yako wazi. Lakini amri hiyo iizime na taarifa yako ya habari. Kama baba anaruhusiwa kunyamazisha watu kwa ajili ya msomaji wa habari, binti naye ataona hajafanya kosa kuwanyamazisha kwa kijidude cha sikioni.

Shikamoo Mzee Kanda. Mimi nina miaka 19. Mama anasema sijui kusikiliza muziki kwa sababu naruka wimbo kabla haujafika katikati. Yeye anataka albamu tangu mwanzo hadi mwisho, kwa mpangilio wake. Je, kweli nimeharibika?
*Mruka Nyimbo*

Marahaba, mwanangu. Hujaharibika, ila mama naye hasemi ovyo.

Yeye alikuwa mvumilivu kwa sababu kutovumilia kulikuwa kazi. Kwenye kaseti, ukichoshwa na wimbo unabonyeza kupeleka mbele, unasimamisha, unajikuta katikati ya wimbo wa tatu, unarudisha, umepitiliza. Kufika kule unakotaka kungeweza kuchukua muda uleule wa kuusikiliza wimbo usioutaka. Basi watu waliuacha uimbe. Na mara nyingi wimbo ule wa kuvumiliwa ndio uliokuja kupendwa baadaye, ukisikika kwa mara ya kumi. Hilo wewe hulipati kirahisi, na ndilo mama analolisema kwa njia yake.

Lakini hata "albamu nzima" aliyoizoea ilikatwa kwa kipimo cha mashine. Santuri za zamani za mizunguko 78 kwa dakika zilibeba takriban dakika tatu hadi tano kila upande, ndiyo maana wimbo wa dakika tatu ukawa ndio wimbo. Mwaka 1948 kampuni ya santuri ya Columbia ilipoleta santuri ndefu ya mizunguko 33 na theluthi, upande mmoja ukafika dakika ishirini na kitu, na wasanii wakaanza kupanga: wimbo upi ufungue upande wa kwanza, upi umfanye msikilizaji ainuke kugeuza. Mwaka 1982 ikaja CD na kitufe cha kuruka wimbo. Mama yako, kama aliwahi kuwa na mashine ya CD, alikibonyeza. Mwulize kwa adabu.

Na mashine yako inakupangia pia, usidhani uko huru. Kwenye Spotify, huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni, wimbo huhesabiwa kuwa umesikilizwa ukifikisha sekunde 30. Msanii anajua kwamba ukimkimbia kwenye sekunde ya 20, kwake ni kana kwamba hukuwahi kuja. Utangulizi mrefu wa gitaa, ule ambao mama anaupenda, unageuka anasa. Sauti ya mwimbaji inaletwa mbele haraka, kiitikio kinawahishwa. Unaporuka unakuwa pia mtunzi, bila malipo.

Fanya hivi. Mwambie mama achague albamu moja, moja tu, umsikilizie yote bila kugusa. Wewe umwandalie nyimbo kumi ambazo hujaziruka hata mara moja, naye asiguse. Halafu mgombane vizuri, mkiwa na ushahidi.

Mzee Kanda, mwanangu yuko chuo, mbali. Namtumia ujumbe wa sauti kwa sababu macho yangu na herufi ndogo hayapatani. Likizo nilimkuta anasikiliza ujumbe wangu kwa kasi mara mbili. Sauti yangu inakimbia kama mtu anayefukuzwa. Niliumia. Anasema hata mihadhara yake na podikasti anasikiliza hivyo hivyo. Hii ni adabu gani?
*Mama Aliyekimbizwa*

Mama, pole. Ila nipe nafasi nimtetee kwa nusu, kisha nitamkaanga kwa nusu iliyobaki.

Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa kukata maneno ya watu kwa wembe. Si mfano, ni wembe hasa. Kanda ya studio ilipita kwenye mashine kwa sentimita 19 kila sekunde tukirekodi mazungumzo, na 38 tukirekodi muziki. Mtu akinyamaza sekunde moja kutafuta neno, kimya chake nakiona: sentimita 19 za ukanda wa kahawia. Naulaza ukanda kwenye kibao chenye mfereji, nakata mshazari, natupa kipande sakafuni, naunga kwa utepe mweupe wa gundi. Kikohozi, "eee," kumeza mate, kurudia jina la kamati mara tatu, vyote vilikwenda sakafuni. Jioni nafagia ukimya wa waheshimiwa. Wasikilizaji wa enzi zetu walidhani watu redioni huzungumza kwa ufasaha ule. Kwa hiyo kuharakisha maneno hakukuanza na mwanao. Tofauti ni kwamba zamani fundi mmoja aliharakisha kwa niaba ya wote, sasa kila msikilizaji ana wembe wake.

Sisi tungekimbiza kanda, sauti ingepanda na kuwa ya kitoto. Kompyuta na simu za leo hufanya ujanja mwingine: huigawa sauti vipande vidogo vya sehemu ndogo ya sekunde, huacha baadhi, huviunga vilivyobaki vikipandiana kidogo, hivyo kasi inaongezeka lakini uzito wa sauti unabaki palepale. Mtu aliyezoea hufuata mazungumzo ya kawaida kwa kasi ya mara moja na nusu bila shida kubwa. Mhadhara anaoujua nusu, au mtu anayezunguka dakika tano kabla ya kufika kwenye hoja, mwache aukimbize. Muda wake ni wake.

Sasa kumkaanga. Ujumbe wa mama si mhadhara. Ile pumzi kabla hujasema "baba yako hajambo" ina habari ndani yake kuliko maneno yenyewe. Kama baba hajambo sana, pumzi ni fupi. Kama hajambo kidogo, mtoto anayekusikia kwa kasi ya kawaida atajua kabla hujamaliza, na atapiga simu. Anayekusikia kwa kasi mara mbili atajibu "sawa mama" na kuweka kikopa. Hilo mwambie ninavyolisema, na umwambie limetoka kwa mtu aliyetupa pumzi nyingi sakafuni, zote za watu ambao si mama yake.

Nawe umsaidie. Ukiwa na jambo la haraka, litangulize: taja jambo, kisha salamu, kisha habari za majirani. Najua malezi yanasema salamu kwanza. Lakini mtu akiwa kwenye foleni na ujumbe wa dakika sita, asiyejua kama ndani kuna msiba au hadithi ya kuku, ataukimbiza tu. Au tuma jumbe mbili: mmoja mfupi wa jambo, mmoja mrefu wa kusikilizwa usiku. Huo wa pili mpe sharti la kuusikiliza kwa kasi ya kawaida.

Mzee, muziki wa siku hizi ni mbovu au mimi ndiye nimezeeka?
*Nijibu kwa Ufupi*

Umezeeka. Nyimbo tunazozisikia kati ya balehe na miaka ya ishirini hukaa kwenye kumbukumbu kuliko za wakati wowote mwingine wa maisha, na wanasaikolojia wameliona hilo kwa vizazi tofauti. Zaidi ya hapo, nyimbo mbovu za ujana wako zimekwisha kusahaulika, wakati mbovu za mwaka huu bado zinapigwa.

Mzee Kanda, nyumbani vita ni sauti ya runinga. Mimi nina miaka 54, nikiongeza watoto wanalalamika. Wakipunguza, nasikia watu wanaongea lakini sishiki wanachosema. Juzi mdogo alisema chaja inapiga mluzi. Nilisogeza sikio, hakuna kitu. Ananitania?
*Baba wa Rimoti*

Hakutanii. Sikio changa hupokea sauti kuanzia takriban hezi 20 hadi 20,000 (hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde; ikiwa nyingi sauti inakuwa nyembamba), na kadiri miaka inavyokwenda, ile ncha ya juu hupotea kwanza, kimya kimya, kwa karibu kila mtu. Runinga za zamani zenye kioo cha tumbo, katika nchi zilizotumia picha ya mistari 625, zilitoa mluzi mwembamba wa hezi 15,625. Nikiwa kijana nilijua runinga ya jirani imewashwa kabla sijaona picha. Leo ungeniwekea kumi zinapiga mluzi nisingegeuka.

Kupotea kwa ncha hiyo ya juu ndiko kunakokunyima maneno. Irabu, a, e, i, o, u, zina nguvu na zinakaa chini, hizo unazisikia vizuri, ndiyo maana unajua watu wanaongea. Herufi kama s, f na sh ni hewa tu, nyembamba na za juu. Zikififia, "sisi" na "fisi" vinakuwa kitu kimoja, na mchezo wa mapenzi unageuka wa porini. Ukiongeza sauti unaongeza vyote pamoja, ngoma, upepo, magari na irabu, na watoto wanaumia masikio huku wewe bado hushiki. Nenda kwenye mipangilio ya sauti ya runinga utafute ile ya kukuza mazungumzo, au shusha besi (sauti nzito) na kupandisha trebo (sauti nyembamba) kidogo. Spika ndogo karibu na kiti chako inasaidia kuliko kelele ya chumba kizima. Na pima masikio. Kupima masikio hakuna aibu kuliko kupima macho, lakini wanaume wa rika letu hawataki kusikia hilo pia.

Watoto nao wasicheke sana. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha usikilizaji salama: desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na 75 kwa saa hizohizo kwa watoto. Kila desibeli tatu zinazoongezeka hukata muda kwa nusu. Kwa mtu mzima, 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, na akifika 92 amebakiwa na saa mbili na nusu kwa wiki nzima. Kuna simu zinazoonyesha kipimo hicho na nyingi zinaweza kuwekewa kikomo. Kinachowapandisha vijana mara nyingi ni kelele za nje: wakiwa kwenye gari au barabarani wanaongeza ili kuzifunika. Hedifoni zinazoziba vizuri au zinazopunguza kelele huwafanya wasikilize kwa sauti ya chini. Hapo, Baba wa Rimoti, hedifoni nzuri ni dawa, na ni wewe wa kuinunua.

Mzee Kanda, baba yangu ana boksi la kaseti: babu akisimulia, harusi ya shangazi, sisi tukiwa wadogo tunaimba. Anataka tuzisikilize, lakini hatuna cha kuchezea na yeye hajui kompyuta. Tuanzie wapi?
*Mjukuu*

Anzieni pamoja, kwa sababu kila mmoja wenu anajua nusu ya kazi. Baba anajua kaseti, wewe unajua mafaili.

Tafuteni redio kaseti inayofanya kazi, au ya kuazima, yenye tundu la hedifoni. Kabla ya kuweka kaseti yoyote ya thamani, safisha kichwa cha kusomea na kile kigurudumu cha mpira kwa pamba yenye spiriti, na ijaribuni kwa kaseti msiyoijali. Kisha kagueni kila moja. Ukungu mweupe kwenye ukanda: isiingie kwenye mashine, itaambukiza nyingine. Katikati ya mdomo wa kaseti kuna kipande kidogo cha sufu juu ya kibati. Kikiwa kimedondoka sauti itatoka hafifu, na fundi anaweza kukihamisha kutoka kaseti nyingine. Vile vimeno viwili vya plastiki upande wa mgongo, vivunjeni, maana bila hivyo mashine haiwezi kurekodi juu yake kwa bahati mbaya. Halafu ipelekeni hadi mwisho na kuirudisha mara moja, ukanda uliolala miaka mingi ulegee.

Unganisha waya kutoka tundu la hedifoni hadi tundu la kuingizia sauti kwenye kompyuta. Programu ya kurekodi sauti ya Audacity ni ya bure na inatosha. Rekodi faili la WAV, lisilobanwa, na kwenye mipangilio chagua hezi 44,100 na biti 16. Ni takriban megabaiti 10 kwa dakika ya stereo, kwa hiyo kaseti ya saa moja itakula kama 600. Hiyo ndiyo nakala ya kutunza. Ya MP3, faili dogo lililobanwa, tengeneza baadaye kwa ajili ya kutumiana. Usishawishike kusafisha mchakacho kwenye nakala ya kwanza. Programu za kusafisha hula na zile s na f nilizomweleza mwenzako hapo juu, na babu atabaki na kigugumizi asichokuwa nacho.

Kaseti haiendi kwa kasi nyingine, saa moja ni saa moja, kwa hiyo mtakaa. Wakati inarekodi, baba ataje nani anaongea, harusi ni ya mwaka gani, kicheko cha nyuma ni cha nani, nawe uandike kwenye jina la faili au karatasi pembeni. Programu yoyote itaipata sauti. Haitajua kwamba anayekohoa ni mjomba.

Nakala ziwe sehemu mbili tofauti, na kaseti zenyewe msizitupe. Zipo za C60 na C90, yaani za dakika 60 na 90, hizo hazina shida. Mkikuta iliyoandikwa C120 iacheni kwanza: ukanda wake ni mwembamba mno na mashine iliyochoka huumeza. Hiyo mpelekeeni fundi.